Soda ya Fundi Mageti

Mchomeleaji mwenzake alipokufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa kazini, fundi mageti aliacha pombe. Mkewe akadhani baa ataisahau. Wapi! Kila jioni alikwenda, akaagiza soda na kuvumilia kejeli.

“Si ubaki nyumbani, baba watoto?”

“Mabosi nao wanakunywa, mama watoto, tena sana. Ila wao kifua kikibana kidogo tu, mbio kwa daktari. Sisi tunasema ni uchovu, tunaendelea na kazi. Nikikaa hapa, nani atawaambia wenzangu?”

Jumamosi, mke alipita zahanati. Akamkuta mumewe kwenye benchi na kundi zima la baa, wamekunja mikono ya mashati wakisubiri kupimwa presha, wanataniana kwa woga. Akasimama mlangoni akimtazama, akajisikia kumpenda upya.