Mbu wa Manjano

Jua lilipotua, Muasya alikunja suruali hadi magotini, akakaa kwenye kigoda nje ya ploti ya Ngigi, mwenye nyumba wake, kule Huruma, Nairobi, tochi mkononi, mrija wa kunasia mbu mdomoni. Ndiyo kazi aliyopewa na Daktari Aloo: kupaka mbu wa malaria unga wa manjano, kuwaachilia, kisha kuwanasa wakirudi kumuuma, ijulikane wangapi bado wako hai. Mkewe Ndindi alikuwa ndani akipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa.

Askari wawili wa kulinda ploti ya Ngigi, wageni kazini, waliona mwanamume kakaa kwenye giza, miguu wazi, tochi ikiwaka na kuzima. Wakasema ni mwizi. Rungu la kwanza lilimvunja taya, la pili fuvu. Ndindi alipotoka mbio na mwiko mkononi, mumewe alikuwa amekata roho, na mbu wa manjano walikuwa bado wanamnyonya miguuni. Walishiba, wakaruka.

Ngigi alisema yeye jioni hiyo alikuwa kanisani Eastleigh. Aliwapa wafiwa pole na gunia la makaa.

Mbu wale hawakufa. Matanga yakaisha, mvua ikaja ikaenda, wao wapo, manjano vilevile. Hawakumgusa mtu ila askari wawili na Ngigi. Ukimpiga mmoja ukutani, damu ilitoka bakuli zima, ikateremka ikisema kwa sauti ya Muasya, "Mzee Ngigi, si unanijua! Waambie!" Wapangaji walizoea. Watoto wakaacha hata kugeuka.

Ndindi alitaka jambo moja tu: Ngigi ashtakiwe. Alipeleka mbu mmoja kituoni ndani ya chupa ya dawa. Sajenti alimponda mezani, akasikiliza hadi mwisho, akapangusa faili zake.

"Mama, shahidi lazima awe na kitambulisho."

Akamwendea Daktari Aloo.

"Daktari, umesikia kwa masikio yako. Ngigi alikuwepo. Twende ukaseme."

"Pole sana, mama. Muasya alikuwa mtu wangu. Lakini hawa nikiwahesabu, itaonekana mbu wa Nairobi hawafi kabisa." Alikohoa. "Nimeshawatoa kwenye hesabu."

Ndindi alitamani kumng'oa macho. Mwenye kidonda ndiye ajuaye uchungu wake. Alifunga leso, akaenda nyumbani.

Kuta za Ngigi zikawa nyekundu, na kila kibarua aliyeitwa kuziosha alikataa. Ndindi akakubali. Hakuweza kuvumilia mtu mwingine aikanyage damu ile.

Basi kila asubuhi yuko pale na ndoo. Akikamua kitambaa, mumewe analia ndani ya maji, "Mzee Ngigi, si unanijua!"

Na Ngigi, ameketi mlangoni anakunywa chai, humjibu kwa upole, "Nakujua, Muasya." Halafu humwonyesha Ndindi pembe ya ukuta aliyoiruka.