Siku Kinyozi Alipofunga Mdomo

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima humwita Kinyozi, hata mimi, hasa nikiwa nimekasirika. Ana mkono mwepesi, hilo simkatalii. Shida yake ni kwamba kichwa cha mteja kikishapendeza, anaamini hakuna kitu duniani kitakachomshinda. Ameshatengeneza pasi yetu, ikawa haizimiki. Ametengeneza mlango wa kabati la nguo, na sasa unafunguka kwa teke tu. Kwa hiyo aliposema mdomo wa hodhi ataufunga mwenyewe, nilimwambia aanze na wa kwake.

Hodhi letu la kuogea lina koki mbili ukutani, ya maji ya moto na ya baridi, na chini yake kuna mdomo wa chuma wa kumwagia maji. Mdomo huo ulipata ufa kwa nyuma, ukawa unatemea ukuta badala ya hodhi. Sisi wawili hatukujali. Tulioga kwa ndoo na maisha yakaendelea, mpaka alipokuja Mama.

Mama ni mama yake Kinyozi. Alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na daktari akakataza asikae tena peke yake. Niliyeng'ang'ania aje kwetu ni mimi, maneno ya watu kuhusu wakwe niachieni. Nampenda yule mama. Ndiye mtu pekee ninayeweza kumlalamikia kuhusu mwanawe, na badala ya kumtetea huongezea ya kwake. Kusimama muda mrefu hawezi, kuinama ndiyo kabisa. Tulimwekea chuma cha kushikilia ukutani na kistuli kifupi ndani ya hodhi, ili aketi, maji yamfikie, ajioshe mwenyewe.

Lakini bila mdomo maji hayakumfikia popote, kwa hiyo nilikuwa namwogesha mimi, kwa ndoo na kopo. Alikaa amefumba macho, ameshika magoti, anasubiri yaishe. Siku moja namfuta mgongo, akasema taratibu, "Mwanangu, umenitunza, Mungu akubariki. Jumamosi wifi yako atakuja kunichukua nirudi kwangu."

"Kwako kuna nani, Mama?"

"Hakuna mtu," akasema. "Ndiyo maana. Nitaoga nimejifungia mlango."

Huko kwake kuna ngazi mlangoni, na ngazi hizo hizo ndizo zilizomvunja. Nilikwenda jikoni nikapigisha sufuria kelele, kwa sababu nikikasirika sana huwa silii mbele ya watu.

Fundi wa mabomba tulikuwa tumempigia Jumatatu, akasema yuko njiani. Ijumaa mchana alikuwa bado yuko njiani, sijui njia gani hiyo isiyofika. Kinyozi akafunga duka mapema, akarudi na mdomo mpya, spana ya kuazima na tepu ile nyeupe ya mafundi. Akasema, "Leo leo, kabla dada hajaja." Nilikuwa na la kumjibu, na lilikuwa zuri, lakini nilimtazama usoni nikalimeza.

Koki kuu ya nyumba iko nje, nyuma ya jiko, na ukiwa pale hata mtu apige mayowe bafuni humsikii. Kwa hiyo tulijipanga. Kinyozi ndani ya hodhi, mimi kwenye koki kuu, na Mama kwenye kiti pale korido inapokata kona, apokeze maneno kati yetu. Mama alikubali haraka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kupewa kazi. Yaliyotokea huko ndani nilisimuliwa baadaye, kila mmoja akivutia upande wake.

Kinyozi akasema, "Mwambie afunge." Mama akapaza sauti, "Funga!" Nikafunga. Mpaka hapo tulikuwa watu wenye akili zetu.

Akafungua koki za hodhi ili maji yaliyobaki yatoke, yakatoka, akaziacha hivyo hivyo wazi. Kisha akaanza kazi kwa mtindo wa kazi yake. Akauviringishia mdomo wa zamani taulo shingoni, spana isiuchubue. Akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akautazama upande huu na upande huu. Mama anaapa alimsikia akiuambia, "Tulia, tulia, usitingishike." Mdomo ulikuwa umeshikwa na kutu na haukuwa na haraka. Alivuta, akapumzika, akavuta tena, mwishowe ukaachia ghafla, akakaa kitako ndani ya hodhi akiwa ameukumbatia.

Sasa, ukutani limebaki bomba tupu. Yeye anaviringisha tepu kwenye hesi, ile mistari ya kuzungushia, kwa utulivu wote. Mama huko kwenye kiti akahisi upepo miguuni, akasema, "Baba, funga hilo dirisha." Kinyozi akaacha tepu, akafunga dirisha.

Mimi nje jua linanichoma, sisikii kitu, na subira si kipaji changu. Nikauliza, "Mama, ameshafunga?"

Mama akauliza kuelekea bafuni, "Umeshafunga?"

Kinyozi, mtoto mtiifu, akajibu, "Nimeshafunga, Mama."

"Ameshafunga," Mama akaniambia.

Nikafungua. Na mimi nikifungua, nafungua, sinaga nusu nusu.

Maji yalitoka kwenye lile bomba tupu yakampiga Kinyozi kifuani. Akaruka kushika koki, mikono inateleza, tepu imemnata vidoleni, huku anapiga kelele, "Funga! Funga! Mwambie afunge!" Mlango wa bafu ulikuwa umerudi wenyewe na maji yananguruma, kwa hiyo kilichomfikia Mama ni neno moja tu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anafunga," Mama akasema.

"Bado anafunga? Si umesema ameshafunga?"

Mama akategea sikio. "Naona anakazia," akasema.

Nikaridhika kabisa. Nilisimama pale mikono kiunoni, nikawaza kwamba labda nimemwonea mume wangu miaka yote hii. Nilikuwa bado nawaza hivyo niliposikia Mama anacheka. Si kucheka kwa adabu, ni kile kicheko cha kukosa pumzi. Nikakimbilia ndani. Maji yalikuwa yameshapita chini ya mlango, yamemfikia kwenye kiti, naye amenyanyua mguu mzima juu na ameshika fimbo yake kifuani ili isilowe. "Kimbia kafunge," akaniambia, machozi yanamtoka. "Kafunge ya kwako, ya kwake imemshinda."

Nilipokwisha kufunga na kurudi, Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kama kuku aliyenyeshewa. Nikafungua kinywa, na yeye akafungua cha kwake, na siku hiyo ingeharibika palepale. Mama akagonga fimbo sakafuni.

"Hakuna mtu kusema funga tena humu ndani," akasema. "Maji tutazima na kuwasha, kama taa. Dirisha liacheni. Na huo mdomo wenu utavishwa. Haya, kila mtu mahali pake."

Kinyozi akamwomba Mama niingie naye ndani, kwa kuwa koki kuu ilikuwa imezimwa tayari. Nikashika taulo na tochi. Akaviringisha tepu upya, akauvisha mdomo, ukazunguka vizuri, laini, ukakaza. Ulipokaza, ulikuwa unatazama juu. Mdomo mpya unang'aa, umeelekea dari, kama unapiga mluzi.

Nilitaka kucheka, lakini Kinyozi hakuwa anacheka. Alishika spana, akaiweka, akaitoa. Lile bomba la ukutani ni la zamani, na alikwishaliona linacheza kidogo alipokuwa anavuta ule wa kwanza.

"Ulazimishe nusu mzunguko tu," nikasema.

"Nikilazimisha bomba likakatika ndani ya ukuta, basi." Akazungumza kwa sauti ya chini, Mama asisikie. "Hakuna hodhi wala nini. Kesho anaondoka, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfukuza. Halafu aanguke tena kule peke yake."

Spana akaiweka chini. Mikono hiyo hunyoa masharubu ya watu wanaopiga chafya, wala haisiti. Nilimwonea huruma mpaka nikaudhika, maana mtu unamzoea kumsema, ghafla anakuonyesha kwamba anaogopa.

Mimi nashona nguo. Sijui mabomba, ila sketi ikimpwaya mtu kiunoni najua husukumi mtu aongezeke, unaongeza kitambaa. "Utoe," nikamwambia. "Ongeza tepu. Ikiwa nene zaidi utakaza mapema, kabla haujafika juu."

Akaniangalia. Akautoa. Tukaviringisha wote wawili, mimi nashika, yeye anavuta, hakuna aliyemwambia mwenzake anakosea. Akauvisha tena kwa mkono, taratibu, akifumba macho kabisa. Ulipokataa kwenda mbele, ulikuwa umetazama chini, sawasawa, kama mdomo wa mtu mwenye heshima zake. Akamalizia kidogo kwa spana juu ya taulo. Kidogo tu.

"Washa," akasema.

Nikatoka nje, nikawasha. Mama akapokeza, "Amewasha," bila mtu kumwomba. Nikarudi mbio, nikamkuta Kinyozi amepiga magoti, kidole amekiweka pale mdomo unapoungana na ukuta, anasubiri tone. Maji yalikuwa yanaanguka ndani ya hodhi, ya moto, mvuke unapanda. Kidole kikabaki kikavu.

Mama alikuwa amefika mlangoni na taulo lake begani, hatujui saa ngapi alinyanyuka. Akatia mkono kwenye maji. "Tokeni," akasema.

Tukatoka. Tukasikia komeo linaingia. Tukakaa chini koridoni kwenye maji, migongo ukutani, hatuna hata hamu ya kushika tambara. Ndani kistuli kililia, halafu kimya, halafu maji yakichotwa na kumwagwa, bila haraka yoyote.

Simu ikalia. Ni wifi, anauliza kesho aanze safari mapema au asubiri jua. Kinyozi akaitazama simu, akanitazama mimi. Akasogeza mdomo karibu na mlango.

"Mama. Dada anauliza kesho aje lini."

Maji yakaacha kumwagwa. Nilimshika Kinyozi mkono, nao ulikuwa wa baridi.

Lazima niseme kitu hapa. Tangu afike, Mama alikuwa anasifu kila kitu. Mchuzi wangu ulioungua aliusifu. Godoro lenye bonde katikati, alisema ndilo alilolitafuta maisha yake yote. Kila sifa ilikuwa inanichoma, kwa sababu watu husifu hivyo nyumba ya mtu wanapokuwa njiani kutoka.

"Mwambie asije," Mama akasema. Kisha, kabla hatujapumua, "Na hili pazia la bafuni lina maua ya ajabu, yananiangalia. Alilichagua nani?"

"Mimi, Mama," nikasema.

"Nilidhani hivyo. Kesho tutanunua letu jingine."