Crachach Chumbani kwa Baba

"Dyfrig! Nani kamruhusu huyu crachach kuingia humu?" Mzee Gwilym alifoka kitandani, kidole kikimwelekea Lleucu aliyesimama mlangoni.

Crachach! Bethesda nzima, kijiji chetu cha Wales, inajua wanaotupiwa neno hilo: wale wakubwa wenye Kiwelisi cha kupigwa pasi, wanaopeana vyeo na tuzo huko mji mkuu, Cardiff, halafu wanakuja milimani kupiga picha na kondoo wetu. Na huyu Lleucu, jamani, alikuwa binti yake wa kumzaa.

"Baba, ni mimi. Nimekuletea mkate wa zabibu."

"Msikie anavyoongea! Kama redio!"

Kaka yake, Dyfrig, akaangua kicheko.

"Unacheka nini?" Lleucu akamgeukia. "Mimi crachach? Mtoto wa mpasua mawe? Hao watu hata hawapo, ni wivu wenu tu!"

"Ee, hawapo. Na kazi ya kusoma habari alikupa nani? Si baba mkwe wako?"

Lleucu akampa mgongo. Ugomvi haukuwa na maana tena. Vumbi la machimbo lilikuwa limemaliza mapafu ya mzee, akili nayo inapotea, na daktari alishawaambia wasihesabu wiki nyingi. Alichotaka Lleucu ni kitu kimoja tu: baba amtaje kwa jina kabla hajaondoka duniani.

Akavua koti lake la bei kali, akaketi kando ya kitanda, akajaribu kuongea kama zamani, kwa lafudhi ya mtaani kwao, na matusi ya marehemu mama humohumo. Wapi! Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka kama ya mgeni. Midomo ya mzee ikaanza kutetemeka, Lleucu akadhani ametambuliwa.

"Sasa unatuigiza," mzee akasema. "Mnatucheka mpaka tukiwa tunakufa."

Lleucu akalia kwa sauti, aibu zote pembeni. Mzee Gwilym hakuwahi kuvumilia machozi ya mwanamke. Akaupapasa mkono wake.

"Basi, mama, nyamaza. Sikiliza. Huko kwenu Cardiff nina binti yangu, Lleucu. Ana kazi kubwa, lakini si kama nyinyi. Ukimwona, mwambie baba yake anamngoja."

"Nitamwambia."

"Mwambie asichelewe."