Picha Nyeusi ni Nyepesi

Kamera tano kati ya sita hazikurekodi mpaka mwisho. Zilimchukua mama yangu dakika nne, zikakoma, na mimi niliyekaa mbele ya mashine sikujua mpaka alipomaliza kusema, akashikwa mkono, akaletewa maji.

Nyumba yetu ilibomolewa nikiwa na miaka kumi na miwili. Tingatinga lilikuja asubuhi, watu tukatolewa nje, baba akarudi ndani mara moja, ukuta ukamwangukia. Alirudi kuchukua nini, hakuna aliyeniambia; mimi asubuhi ile nakumbuka vumbi na kilio changu tu. Mwaka huohuo nikaacha shule. Mama alilimeza jambo lile kama mtu aliyemeza mfupa, na kila nilipomuuliza alitafuta sufuria ya kusugua.

Miaka thelathini na sita baadaye, studio ninakofanya kazi ikapata filamu ya mitaa iliyobomolewa. Kwetu hatujengi mandhari ya mbao. Tuna ukuta mzima wa taa, mrefu kuliko nguzo ya umeme, nao huchora chochote unachoutuma: jangwa, hospitali, mvua. Wachoraji waliisimamisha upya nyumba yetu humo, kwa picha tatu za zamani na maneno ya mama. Mwongozaji akataka mama asimame mbele ya nyumba hiyo asimulie. Mama alikubali haraka mno. Nikamuuliza kulikoni.

"Usoni kwako siwezi, mwanangu," alisema. "Nikikutazama namwona baba yako. Nitayasema pale. Wewe utayasikia baadaye, ukiwa peke yako."

Mwongozaji alitaka kamera sita, zote kwa ubora wa juu kabisa, kwa sababu mama kama yule hasemi mara mbili. Diski zetu za kuhifadhia picha zilizoea kamera nne. Tulikuwa na binti mmoja mhandisi, tukimwita Digrii. Akaja kuniuliza kama nimepima.

"Nimepima jana. Saa nzima, zote sita. Hazikutikisika."

"Ukuta ukiwa unawaka?"

"Digrii, nilianza kazi hii wewe bado unanyonya."

"Nimekuuliza ukuta, fundi. Umri wako naujua, unaonekana."

Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Nilipopima, ukuta ulikuwa umezimwa. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba picha nyeusi ni nyepesi, diski huimeza kama uji. Picha yenye kutu, majani na tofali mojamoja ni nzito. Kila nukta inadai nafasi yake. Nilijua. Lakini kuuwasha ukuta kulimaanisha kukaa saa nzima peke yangu nikitazama mlango ambao baba aliingia asitoke. Nikapima giza, nikaliita kipimo.

Siku yenyewe mama alipitia kwanza kwenye chumba changu cha vioo. Mashine ikalia, diski moja imepata joto kidogo tu. Akaruka.

"Hicho kinamlilia nani?"

"Hakuna, mama. Kinajisemea."

"Kama shangazi yako," akasema, akaliegemea bega langu. Nikaizima sauti ya tahadhari ili isimshtue tena.

Alisimama mbele ya nyumba. Akaitazama kama mtu anayekagua maiti ya jamaa yake, kisha akawageukia watu. Nikavua vipokea sauti vya masikioni. Alikuwa ameniomba niyasikie baadaye, nami nikataka kumtii walau kwa hilo. Nikabaki na mngurumo wa feni na skrini sita zinazong'aa, mama yuko katika kila moja, safi, midomo ikitembea. Skrini huonyesha picha inayopita, si picha iliyohifadhiwa. Taa nyekundu za diski zilizokwama zilikuwa zinawaka chini ya goti langu. Mimi nilikuwa nautazama mdomo wa mama.

Digrii ndiye aliyeziona, alipoingia mwishoni. Alizihesabu kwa kidole. Hakusema "nilikwambia." Angesema ingekuwa nafuu.

Mwongozaji akamwendea mama kwa adabu zote. "Mama, samahani sana. Mitambo imetuangusha. Tunaweza kurudia?"

Mama alimgeuzia mgongo. Alinitazama mimi kupitia kioo, halafu akaja mpaka mlangoni.

"Si ulikuwa unarekodi?"

"Nilikuwa, mama."

"Basi nimeshasema."

Akaenda kufutwa poda. Baadaye mpambaji akanikuta kwenye korido, pamba bado mkononi, macho mekundu.

"Pole, kaka. Kumbe ni vile viatu."

"Viatu gani?"

Akanitazama, akadhani namtania. "Si vyako vya shule? Ulivyolia kwamba vimebaki ndani, baba yako akarudi..." Akaziba mdomo kwa ile pamba. "Yesu wangu. Hukuwa unajua?"

Nilimwambia nilijua. Nikamshukuru. Nikaenda kuzima mashine moja baada ya nyingine, kama kawaida, nikiandika saa ya kuzimwa kwa kila moja.

Hesabu ni hii. Mama alisema kwa dakika thelathini na nane. Sauti ilikuwa imeunganishwa na kamera ya kwanza, ikafa nayo. Zimebaki dakika nne, zote mama akieleza rangi ya mlango na mahali ilipokaa ndoo. Kamera moja tu ilirekodi mpaka mwisho: ile iliyowekwa ubavuni mwa ukuta, ikimtazama kwa nyuma, na mbele yake giza tupu la studio. Giza ni jepesi. Kwa hiyo ninazo dakika thelathini na nane za mgongo wa mama, bila sauti. Katika dakika ya ishirini na tatu anainama, anatenganisha viganja viwili karibu na sakafu, kuonyesha urefu wa mguu wa mtoto. Viatu, jozi moja. Baba, mmoja. Mara ambazo mama amelizungumza tena jambo hili, hakuna hata moja.