Mkono wa Kazi wa Mwandawiro

Siku mashine ya mkonge ilipomla Mwandawiro vidole vitatu vya mkono wa kushoto, nyumba yake pale Voi ilijaa watu mpaka wengine wakakalia madebe. Kila aliyeingia alikuja na bei yake ya fidia. Mbeyu, jirani, aliapa kwamba kuna mtu wa kule shamba la Mata alilipwa elfu nzima kwa dole gumba. Ukimuuliza jina lake, anakohoa.

Wakio, mke wa Mwandawiro, alimimina chai akisikiliza. Yeye alitaka kujua neno moja tu: zitafika mia saba? Shamba la baba mkwe wake kule Mghange lilikuwa limewekwa rehani kwa mia saba, na aliyelishika alishaanza kung'oa migomba.

Mwezi wa tatu wakaitwa ofisi ya kazi. Karani Elijah alikuwa ameshapiga hesabu.

"Mshahara arobaini. Posho ya unga na maharagwe tunaithamini kumi na tano. Hamsini na tano, mara miezi arobaini na minane. Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kabisa."

"Na huyu?"

"Huyu hajaisha, mama. Vidole vitatu vya mkono wa kazi ni thelathini katika mia. Vya mkono ule mwingine, ishirini. Yeye ni ishirini. Shilingi mia tano ishirini na nane."

"Mwingine upi?" Wakio akaruka. "Huyu ni mashoto! Jembe kushoto, panga kushoto!"

"Kadi alinipa kwa kulia. Kalamu akapokea kwa kulia. Nimeandika nilichoona."

Wakio akamgeukia mumewe. Alijua kisa chote. Utotoni mwa Mwandawiro, kila mgeni alipoingia, nyanya yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kamba, mpaka likamkaa: kushoto ni kwa kazi, kulia ni kwa watu.

"Sema basi, Baba Peris!"

"Nitainyooshea serikali mkono wa kushoto?" akanong'ona Mwandawiro, macho chini.

Elijah akacheka. "Mama, ukisomwa huu ukurasa wa sheria, Taita nzima itaamka mashoto."

Wakio alitia mkono kikapuni, kwenye mapera aliyomchukulia binamu yake wa stesheni, akachagua moja gumu.

"Baba Peris, shika!"

Mkono wa kushoto uliruka wenyewe. Pera likagonga makovu, Mwandawiro akapiga yowe hata mzungu mkuu wa ofisi ya kazi akatoka chumba cha ndani. Wakio akamweleza, karani akatafsiri shingo upande. Mzungu akaokota pera, akaligeuzageuza, kisha akamrushia Elijah ghafla. Elijah akalidaka kwa kulia.

"Andika upya," mzungu akasema.

Elijah akakata mstari, akapiga hesabu tena huku midomo ikichezacheza: mia saba tisini na mbili. Wakio akashusha pumzi aliyoishika tangu siku ya mashine. Shamba limerudi, na tisini zimebaki za kupanda migomba upya.

Karani akanyoosha karatasi. Mwandawiro, kwa adabu zake zote, akatoa mkono wa kulia.

Wakio akamfinya mbavu. "Wee! Leo adabu iache nyumbani."

Polepole, kama anayeiba, Mwandawiro akatoa mkono wa kushoto, na vile vidole viwili vilivyosalia vikaishika karatasi.