Sahihi ya Jokūbas

Mume wangu Jokūbas Virbalis aliupigania uhuru wa Lithuania, hilo hata maadui zake hawalipingi. Alikuwa bwana shamba tu hapa kijijini siku alipopandisha bendera yetu juu ya kinu cha upepo, Warusi wangali wametukalia. Makachero walimwita mara tisa na hakutaja jina la mtu. Sasa ni mbunge, anautaka muhula wa tatu, na mimi nimekuwa mke wa shujaa, kazi isiyo na likizo.

Kaka yangu Povilas ndiye aliyechapa gazeti letu la siri, kwa taipureta tuliyoificha ndani ya mzinga mtupu wa nyuki. Mwaka 1983 makachero walikuja, wakaipita mizinga miwili bila kuigusa, wakafungua wa tatu. Povilas alikaa kambi ya wafungwa miaka mitano. Aliporudi alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake: siri ile tuliijua watu watatu. Yeye hakusema. Jokūbas alipigwa na hakusema. Nilibaki mimi.

"Mdomo wako, Teklė," aliniambia, "hauna mlango."

Mkesha wa Krismasi kwetu watu humegeana mkate mwembamba uliobarikiwa, wakasameheana ya mwaka mzima. Miaka tisa nilimnyooshea wangu, na miaka tisa aliutazama tu. Akafa hivyo. Jokūbas alisoma risala kaburini, watu wakalia.

Julai hii ya mwaka 2000 nilikwenda Vilnius, kwenye nyaraka za makachero, ambako sasa ndugu wa mfungwa anaruhusiwa kusoma. Sikwenda kusaka mchawi. Nilitaka kujua kama kweli niliropoka mahali. Ndani ya faili nikakuta karatasi: "Nilipokwenda kusaidia kupakua asali, niliona nyuki hawaingii wala hawatoki mzinga wa tatu, ilhali kifuniko chake kimefunguliwa juzijuzi." Ulikuwa mwandiko wa Liudvikas Stonys. Kwetu nyuki hawauzwi. Kundi lako likihamia kwa jirani, jirani huyo anakuwa ndugu yako kuliko ndugu wa tumbo moja. Liudvikas ni ndugu wa nyuki wa Jokūbas kwa miaka thelathini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hilo ningelimeza. Lakini kila faili lina ukurasa wa mbele ambapo kila anayelisoma anaweka sahihi na tarehe. Juu ya jina langu palikuwa na jina moja tu: J. Virbalis, Novemba 1992.

Nikaomba nakala za karatasi zote mbili.

Nilifika nyumbani wamemaliza kupakua asali. Liudvikas alikuwa mezani kwangu, anachovya vipande vya tango kwenye asali mpya.

"Shemeji, umechelewa," akasema. "Matango tumeyamaliza, tumekubakishia maganda."

"Nenda kwako, Liudvikas."

"Eh, basi la Vilnius limemvuruga mama wa watu." Akacheka, kisha akaiona bahasha mkononi mwangu, akaacha kucheka. Aliondoka bila kofia yake.

Jokūbas hakuuliza bahasha ina nini. Hapo ndipo nilipoumia.

"Umejua miaka minane," nikasema.

"Teklė, kaa kwanza."

"Karibu mitano kati ya hiyo Povilas alikuwa hai."

"Uhuru ulikuwa mchanga. Liudvikas alikuwa na kura za wilaya nzima mkononi. Ningemwanika, wale wa enzi ya Warusi wangerudi wote. Nilifanya kwa ajili ya nchi."

"Na mimi si wa nchi hii?"

Akafuta asali vidoleni, taratibu, kimoja kimoja. "Wewe una moyo mgumu, mke wangu. Nilijua utavumilia."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, na bado nilitaka aniokoe yeye mwenyewe. Nikamwomba jambo moja: Jumapili, baada ya misa, asimame mbele ya watu aseme kwamba aliyetoa siri hakuwa Teklė.

"Nitasema," akajibu. "Nakuapia. Uchaguzi ukishapita."

Nikavuka barabara hadi kwa Genutė, mjane wa Povilas, ambaye tangu mazishi hajaitikia salamu yangu hata mara moja. Alikuwa amekaa nje anamenya maharage. Sikumsalimu. Nilimpa karatasi ya kwanza, akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Na Jokūbas?" akauliza. "Anajua?"

Ningeweza kusema hapana. Ulimi wa Genutė ungefika wilaya nzima kabla ya Jumapili, na mume wangu asingepata hata kura ya mbwa wetu. Nikampa karatasi ya pili.

Akaweka kidole juu ya tarehe.

"Alijua wakati anasoma ile risala?"

"Alijua."

Genutė akaliinua bakuli la maharage kutoka kwenye benchi, akaliweka chini, nipate pa kukaa.