Dole Gumba Chini ya Bawa

Muzamil alikuwa amepaka rangi magari ya Magomeni miaka ishirini na mbili, lakini ndege hakuwahi kuletewa. Hii ilikuja ndani ya boksi la viatu, imefungwa kanga, ndege ya kivita ya plastiki yenye urefu wa mkono wa mtoto. Aliyeileta ni Mastura, mwalimu wa shule ya Ufukoni. Marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa ndege jeshini, aliiunganisha kipande kwa kipande alipostaafu, akafariki kabla ya kuipaka rangi.

"Juu mabaka ya kijani na kahawia, chini bluu ya mbinguni," alisema Mastura, akampa picha ya ndege halisi ya aina hiyo. Kisha akaigeuza ndege. Chini ya bawa la kushoto gundi ilikuwa imemwagika, na kwenye gundi iliyokauka kulikuwa na alama ya dole gumba, mistari yote ikionekana. "Hii ni yake. Picha zake tunazo, ila alama ya mkono wake ni hii tu. Usiipige msasa, wala usiizibe na rangi."

"Mimi napiga msasa hata sahani, mwalimu," alisema Muzamil. "Lakini nimekusikia."

Alijaribu kwanza rangi ya gari kwenye kijiko cha plastiki. Kijiko kikajikunja. Akaiacha, akanunua rangi ya maji, akaichuja kwa kipande cha chandarua. Kahawia ilikaa vizuri. Kazi ilikuwa mabaka ya kijani. Alipojaribu kuyazungushia tepu kwenye kipande cha ubao, yalitoka na kingo kali kama ramani ya mikoa. Kwenye picha kingo zilififia.

Jibu lilikuja na chakula cha mchana. Mkewe, Zawadi, alileta ugali wa muhogo, ule unaonata. Muzamil akaviringisha tonge likawa nyuzi nyembamba, akazilaza kwenye bawa kufuata mabaka ya picha, juu yake akaweka karatasi ya kuziba kahawia, akapuliza kijani. Karatasi ikainuka kidogo, rangi ikapenya chini ya ukingo na kufifia yenyewe.

"Watu wanakula ugali, wewe unalisha ndege," alisema Zawadi.

"Na imeshiba. Hebu tazama."

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Akabandika tonge dogo juu ya alama ya dole ili kuikinga, akapuliza bluu, kisha simu ikaita: msiba kijijini Msimbati. Alibandua nyuzi za juu harakaharaka, akaondoka. Tonge la chini akalisahau.

Aliporudi siku ya tatu, sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye bawa. Tonge lilikuwa limekauka kama jiwe. Alilichokoa kwa ukucha, gundi ikaanza kuinuka nalo. Akaondoa mkono, akampigia Mastura.

"Nimeharibu, mwalimu. Njoo uone mwenyewe."

Mastura alikuja baada ya vipindi. Aliinama juu ya bawa.

"Ugali?"

"Wa muhogo."

"Wa sembe ungebanduka."

"Ungebanduka."

Waliweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya tonge, wakaketi juu ya ndoo za rangi kungoja. Kila kilipopoa, Muzamil alikibadilisha.

"Baba angekutukana," alisema Mastura.

"Angekuwa na haki."

Adhana ya alasiri ilipoisha, tonge lilikuwa limelainika. Muzamil alinyoosha mkono, Mastura akamzuia. Alichukua mswaki wa mtoto, akausugua ugali taratibu mwenyewe, punje kwa punje. Alama ikatokea, kijivu katikati ya bluu. Mistari ya upande mmoja haikuwepo. Ilikuwa imebanduka na gundi pale ukucha wa Muzamil ulipopita.

Muzamil alikohoa. "Iliyopotea naweza kuichora kwa sindano. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Itakuwa alama yako hiyo." Alipima iliyobaki kwa dole gumba lake mwenyewe, bila kuigusa. "Acha hivyohivyo, fundi. Bado ni yake."

Aliifunga ndege kwenye kanga, tumbo juu ili alama isisuguliwe, akaondoka akiwa amelishika boksi kwa mikono miwili.